Wanateka Mpaka Watoto

Boza langu, lori la tangi la kubebea maji, ni la buluu. Buluu hiyo niliichagua mwenyewe kwa fundi wa rangi pale Ukunda. Nilimwambia aongeze nyeupe kidogo, apunguze, aongeze tena, hata akaniuliza kama ninapaka gari au ninachagua mchumba. Nilitaka gari ambalo likitokeza kwenye kona ya Bongwe, mama aliye jikoni alijue ni la nani kabla hajafuta mikono. Na nikalipata. Kutoka Galu mpaka Msambweni ukisema "lile la buluu", hakuna atakayekuuliza la buluu lipi.

Shule niliiacha darasa la tano. Sioni haya kulisema, maana walioendelea nayo ndio wanaonipigia simu maji yakiwakatikia bafuni, povu kichwani. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni wa mitungi kwenye nyumba za wafanyakazi wa hoteli Diani, juani, na leo nina kisima changu Bongwe kinachotoa maji matamu, yasiyo na chumvi hata chembe. Kuna hoteli za kifahari hazina maji kama yangu. Ubavuni mwa boza nikaandikisha kwa herufi nyekundu: NIMEJIINUA MWENYEWE. Mke wangu alisema hayo ni majivuno. Nikamwambia majivuno ni ya anayesema uongo.

Basi kila kiangazi, mabwawa ya nyikani yakikauka, boza hilo hupanda likapita Kwale mjini hadi upande wa Kinango, likapeleka maji kwenye shule moja ya msingi. Bure. Watoto wateke, na majirani wa shule wateke. Sadaka tumefundishwa tuifiche, nami mafundisho nayaheshimu, lakini gari la buluu lenye ukubwa ule utalificha wapi?

Siku ninayoisimulia, nilikuwa nimetoka kusali adhuhuri, nimekaa barazani kwangu, na mke wangu yuko uani anakuna nazi. Simu ikalia. Lilikuwa gurupu la wafanyakazi wa Galu ninaowapelekea maji. Mtu alikuwa ameweka sauti iliyorekodiwa, na chini yake maandishi:

"TAHADHARI WAZAZI!! Gari la buluu la maji linateka watoto mashuleni Kwale. Sikiliza shahidi mwenyewe. Kawachukueni watoto wenu SASA. Sambaza uokoe maisha."

Nikabonyeza. Mwanamke akapaza sauti, pumzi juu juu:

"Jamani! Lile boza la buluu limefika hapa shuleni! Wanateka mpaka watoto! Kimbieni, kimbieni, msije mkasema sikuwaambia!"

Mimi mwenye boza, mimi niliyelijaza asubuhi ile kwa mikono yangu, nilisikia watoto wanaibwa. Nikamfikiria dereva wangu. Ni mtu wa bara, mpole, haongei hata ukimuuliza, na akishika usukani huzima simu kabisa kwa kuogopa ajali. Miaka yote niliyokaa naye nilikuwa nikimsifu kwa ukimya wake. Sasa, kwa muda wa pumzi moja, nikajiuliza ukimya ule ulikuwa unaficha nini.

Nikaicheza tena, sauti nimeipandisha. Kutoka uani mke wangu akauliza, mkono haukuacha kukuna:

"Nani huyo anawaita wenzake maji?"

"Maji gani? Husikii watoto wanatekwa?"

"Nasikia. Anasema wanateka mpaka watoto. Wewe baba watoto umezaliwa wapi? Watoto nao wanateka, mpaka wao. Na boza lenyewe si lako? Hiyo pampu inayokohoa hapo ni ya nani?"

Mke wangu hakuwa amesoma yale maandishi. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu. Mimi macho yalitangulia, yakaliambia sikio lisikie nini.

Nikaifunika simu kwa kofia, nikasikiliza kwa mara ya tatu kama kipofu. Nikasikia mitungi ya plastiki inagongana. Nikasikia watoto wanacheka, tena kicheko cha kumwagiana maji. Na chini ya yote ile pampu yangu: inakohoa, inakohoa, inavuta pumzi. Naijua kama ninavyokijua kikohozi cha marehemu baba.

Nieleze hapa, kwa faida ya wasiotoka kwetu. Sisi watu wa pwani maji tunateka. Ukienda kisimani na ndoo, umekwenda kuteka. Watu wa bara wao huchota, na neno kuteka wamewaachia majambazi. Na hata kama yule mwanamke angekuwa anasema habari za wizi wa watu, mtu wa kwetu angesema wanawateka. Hiyo "wa" ya katikati haimezwi. Mtu si mtungi. Ukimteka, ulimi lazima umtaje. Sikufundishwa hayo darasani. Nimeyanyonya.

Nikajiona nimeshinda. Nikaandika gurupuni: "Uongo mtupu! Boza hilo ni langu, na wanateka MAJI." Nikakaa kusubiri pongezi.

"Ati ni lako? Basi tuambie watoto umewaweka wapi," akajibu mmoja.

"Mwizi gani alishawahi kusema ndiyo mimi?"

"Mzee kaa hapo hapo ulipo, tunakuja kukuteka na wewe." Huyu aliweka na kijiuso cha kucheka.

Hapo nikajifunza jambo ambalo hakuna tajiri anapenda kujifunza: neno langu halikuwa na uzito wowote, kwa sababu gari lilikuwa langu. Na ule ujumbe, juu yake ulikuwa na vile vishale viwili vya kuonyesha umeshapita mikono mingi. Nikampigia dereva. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa.

Alikuwa njiani kurudi, au karibu kuondoka. Na njia ya kurudi inapita katikati ya kituo kimoja cha biashara kabla ya Kwale mjini, ambako bodaboda hukaa kwenye kivuli na shule iko hatua chache tu kutoka barabarani. Nimeishi vya kutosha kujua mzazi mwenye hofu ya mtoto wake haulizi swali la pili. Dereva wangu angefika pale na gari ambalo nililipaka rangi ili lijulikane na kila mtu. Mke wangu akaacha nazi, akaja kusimama mlangoni.

"Mtoto wa watu huyo," akasema. "Ukikaa hapo barazani atauawa."

Nikawasha pikapu.

Njiani nikampigia askari wa hoteli aliyeuweka ule ujumbe gurupuni. Sikumgombeza. Nilimuuliza moja tu: umeupata kwa nani? Akasema kwa shemeji yake mwenye saluni Ukunda. Mimi hivi ndivyo nilivyotafuta uvujaji wa bomba maisha yangu yote: huanzi pale maji yanapomwagika, unalifuata bomba kinyume.

Mwenye saluni ni mama wa bara aliyekaa Ukunda miaka mingi, mcheshi, namjua kwa kuwa na yeye hununua maji kwangu. Aliponiona mlangoni akacheka.

"Karibu mzee! Na hicho kichwa, kuna nywele gani zimebaki za kutengeneza?"

"Mama, hiyo sauti ya watoto. Yale maandishi chini yake, aliyaandika nani?"

Kicheko kikamkauka. "Ni mimi. Odio ilikuja hivyo tu, bila maneno. Nikaona watu hawataelewa ni emajensi. Binti yangu nimeshaenda kumtoa shule, yuko nyumbani amefungiwa."

Nikaona si mwongo. Alikuwa ameogopa kweli, na alitaka na wengine wawaokoe watoto wao.

"Kwenu," nikamuuliza, "mtu akienda mtoni na ndoo, anafanya nini?"

"Anachota maji."

"Sisi tunateka."

"Mnateka maji?" Akamgeukia mteja aliyekuwa chini ya kikaushio. "Umesikia? Halafu mnaitisha nani ayakomboe?"

Mteja akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia afumbe macho, nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza, akasikiliza tena. Nikaona uso wake unashuka pole pole.

"Ai," akasema. "Hiyo ni mitungi."

"Ni mitungi."

"Na nimetuma kwa magurupu yote."

"Yote yapi?"

"Yote, mzee."

Akaanza kuufuta, lakini ulikuwa umeshatoka mikononi mwake. Kilichonifaa ni kwamba alimjua aliyemletea sauti: mteja wake mmoja, na huyo mteja ndiye dada wa yule mwanamke aliyerekodi. Kwa simu mbili tukampata mwenye mdomo. Tukaiweka simu kwenye spika, mbele ya wote.

"Shikamoo baba," akasema, na nyuma yake kuku wanalia.

"Marahaba mama. Hujambo? Ile sauti yako ya leo, ya boza, ulimrekodia nani?"

"Majirani zangu wa huku, waje kuteka kabla maji hayajaisha. Kwani kuna nini?"

Nikamweleza. Akalipuka. "Mimi? Mimi nimesema watoto wanaibwa? Hao wanaosikiliza wana masikio au vishikio vya vikombe? Boza lenyewe limeshaondoka, yule dereva tumempa uji akanywa akashukuru!"

Basi alikuwa ameshashika njia. Nikamwomba arekodi nyingine haraka, aitume kwa dada yake na kwa huyu mwenye saluni, naye aitume kote alikotuma ile ya kwanza.

"Niseme naomba radhi?" akauliza.

"Usiombe radhi hata kidogo. Radhi hakuna anayeisambaza. Wewe wakaripie kama watoto waliokula sukari."

"Hilo," akasema, "naliweza bila kufundishwa."

Nikamwacha mwenye saluni na kazi hiyo, nikapanda kwenda Kwale. Wenye kunijua watakuambia naendesha kwa heshima. Siku ile sikuwa na heshima.

Pale kituoni niliiona buluu yangu kwa mbali, na kuizunguka kulikuwa na watu kama siku ya mnada. Walikuwa wameweka mawe barabarani. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limetolewa upepo. Dereva wangu alikuwa ndani, vioo amepandisha, mikono yote miwili juu ya usukani ionekane haina kitu. Kijana mmoja alikuwa juu ya tangi amefunua kifuniko.

"Kuna maji!" akapiga kelele.

"Na watoto?"

"Sioni, ni giza!"

"Waite basi!"

Akaingiza kichwa ndani. "Watotooo!" Tangi likamrudishia mwangwi: ooo.

"Mmesikia?" akasema mtu aliyekuwa chini. "Wameitika!"

Umati ukasogea. Mtu akapiga mlango wa dereva kwa jiwe, si kwa nguvu bado. Nikapanda juu ya bampa la boza langu, nikapaza sauti niliyoijenga kwa miaka ya kuuza maji mlango kwa mlango.

"Mwenye boza ni mimi! Mimi hapa! Niliyejiinua mwenyewe!"

"Basi shuka tukushushe!"

Wengine wakacheka, na kicheko hicho, usidanganyike, si kicheko cha kumwachia mtu. Nilijua nikisema "ni maji" wataniambia niliyoambiwa gurupuni. Ile sauti ya pili ilikuwa haijafika. Mtandao wa pale unajua mwenyewe. Nikamkumbuka mke wangu na nazi yake.

"Sawa," nikasema. "Simtetei mtu. Nitafutieni hapa mtu mmoja ambaye hajausoma ule ujumbe. Mmoja tu. Asikilize, atuambie."

Wakaangaliana. Wote walikuwa wameusoma. Kisha mtu akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwa mama anayeuza viazi vya karai. Simu yake ni ile ya mulika mwizi, isiyopokea chochote ila kupigiwa. Hakuwa ameacha karai lake. Mafuta hayamngojei mtu aende kutazama fujo.

Tukamfuata, umati mzima, na wengine wakabaki kulilinda boza. Mikono yake ilikuwa na unga wa njano mpaka vifundoni, kwa hiyo nikamshikia simu sikioni mwenyewe. Nikabonyeza. Watu wakanyamaza, yakabaki mafuta yanachemka.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Haya," akasema.

"Anasema nini, mama?" kijana wa bodaboda akamuuliza.

"Anawaita wenzake."

"Waje wafanye nini?"

"Wateke. Wafanye nini tena? Kwani nyumbani kwenu maji yanaingia mtungini yenyewe?" Akageuza viazi, kisha akaniangalia mimi. "Na hayo maji yameisha, au yamebaki? Maana huku mfereji unatoa hewa tu."

Sijawahi kuona umati ukigeuka namna ile. Watu wakaliangalia boza upya. Nikamwona mama mmoja anahesabu kimoyomoyo mitungi yake iliyo nyumbani. Nami sikuiachia nafasi ile ipoe. Nikarudi garini, nikagonga kioo cha dereva taratibu kama ninavyogonga mlango wa mgonjwa, nikamwambia awashe pampu. Ikakohoa, ikakohoa, ikavuta pumzi. Nikaiweka simu kando yake nikaicheza ile sauti, na pampu ya kwenye simu ikakohoa vilevile. Kijana aliyekuwa juu ya tangi ndiye aliyeanza kucheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha watu.

Walioleta mitungi mwanzo walikuwa walewale waliokuwa na mawe. Yule wa "shuka tukushushe" alikuja na mitungi miwili na ndoo kichwani, akaniamkia shikamoo kana kwamba tunaonana sasa hivi. Nikaitikia. Mwingine akaleta pampu ya baiskeli kulijaza gurudumu la lori, tukamwacha ajaribu. Dereva wangu hakutaka kushuka garini, basi mpira wa maji nikaushika mimi, kanzu yangu ya sala ikalowa mpaka magotini. Wakateka. Mpaka watoto, walipotoka shule.

Ile sauti ya pili ilifika wakati mitungi ya mwisho inajaa. Simu zikalia mfululizo, na yule mwanamke wa nyikani akawa anazungumza kutoka mfukoni mwa kila mtu:

"Nyinyi wa Ukunda na Diani, nyinyi mnaojua kusoma! Nimewaita watu kuteka maji. Ma-ji! Nani kati yenu ameona jambazi anakuja na pampu? Mwanangu nimzae mimi kwa uchungu, halafu nimrekodi akitekwa nikiwa nacheka? Hamna kazi? Njooni huku niwape jembe!"

Hiyo ilizunguka kuliko ile ya kwanza. Mpaka leo kuna watu Diani wakigombana huambiana, "Njoo huku nikupe jembe," na hawajui imetoka wapi. Mimi najua. Siku hizi wananitumia kila kitu: picha za mafuriko, madaktari wasiojulikana, ajali za nchi nyingine zenye jina la Likoni. Kuna mabinti wa redio moja waliosomea kazi ya kuchunguza uvumi, wenye kompyuta zao, na wao hunipigia ikifika sauti ya huku kwetu. Nawaambia: usisome kwanza. Funika, sikiliza, kisha mtafute aliyefungua mdomo. Wanaandika. Napenda wanavyoandika.

Lakini siku ile, gurudumu lilipojazwa, pikapu niliiacha kituoni nikarudi na dereva wangu kwenye boza mpaka tukaikaribia Ukunda. Ndipo akasema neno lake pekee la safari nzima.

"Bosi, hakuna mahali gari hili limeandikwa maji."

Nikataka kumjibu kwamba kila mtu anajua. Nikaikumbuka ile sauti ya kwanza. Hata yule mwanamke hakulisema neno hilo, kwa sababu kila mtu alijua. Dereva akasema hatapanda tena nyikani mpaka liandikwe, na mimi si mtu wa kupoteza dereva kama yule kwa ajili ya rangi. Nikampeleka kwa fundi, nikamwambia achague mwenyewe mahali. Akachagua pande zote mbili, nyuma, na juu ya kioo cha mbele: MAJI, kwa herufi kubwa kuliko za boza lolote pwani hii. NIMEJIINUA MWENYEWE ikabidi isogezwe chini, karibu na magurudumu. Inasomeka vizuri tu, ukiinama.

Safari iliyofuata aliondoka asubuhi, simu yake iko wazi juu ya dashibodi. Nikakaa barazani na yangu mkononi. Kabla ya adhuhuri ikalia, sauti ileile, pumzi ileile:

"Jamani! Boza la maji limefika shuleni! Wanateka maji, mpaka watoto nao wanateka maji! Kimbieni mje na mitungi ya maji!"

Uani mkono wa mke wangu ukasimama juu ya nazi.

"Maskini," akasema. "Siku hizi anazungumza na majirani zake kama wageni."